Naomba ushauri: riwaya za sayansi ya kubuni kwa kikundi cha wasomaji Dodoma

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha usomaji hapa Dodoma kina watu 12, nakala 4 kwa kila kitabu, wiki 3 kwa kila riwaya. Naomba ushauri kuhusu mpangilio.

Cha kwanza ni Walenisi cha Katama Mkangi (1995): Dzombo anahukumiwa, anatiwa kwenye chombo cha angani ili afe, anafika sayari nyingine. Jina lenyewe ni "wale ni sisi". Ni kitabu kifupi, Kiswahili chake kitamu, kinafaa kufungulia.

Cha pili ndicho kinachonipa shida: Five Weeks in a Balloon cha Jules Verne (1863). Puto la haidrojeni linaondoka Zanzibar, linavuka milima ya Rubeho, jirani zetu kabisa, hadi Kazeh, yaani Tabora. Dkt. Fergusson, mwenye puto hilo, hapandi kwa kutupa uzito. Anapasha gesi moto ipanuke. Sura za mwanzo zimejaa hesabu za uzito na ujazo, na hapo ndipo wengi hukiacha. Zaidi, kinawasema Waafrika kwa dharau ya zama zake. Je, tuanzie safari yenyewe kisha turudi kwenye hesabu, au tusome kwa mfuatano? Toleo lililofupishwa silitaki kabisa, maana hukata ufundi wa puto, na huo ndio utamu wake.

Pia, Bina-Adamu! cha Wamitila kitangulie au kije mwisho? Mafumbo yake ni mazito.

Mwenye kujua duka lenye nakala kamili Dodoma au Morogoro, tafadhali anielekeze.