Pikipiki Honda CG125 ya marehemu baba inawaka na choki tu, nikirudisha inazima

Kijana wa Makambako
Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa. Nina CG125 ya marehemu baba, imekaa kwenye banda la kuku tangu 2015. Kuku walikuwa wanalala juu ya siti, hali yake mnaijua bila kuiona. Kadi bado ina jina la baba, ila hilo ni la mirathi, tuliache.

Sikukimbilia kupiga kiki. Nilifungua plagi, nikamimina kijiko cha oili kwenye tundu, nikaiacha ilale. Asubuhi nikatia gia ya juu, nikazungusha tairi la nyuma kwa mkono mpaka nikasikia pistoni inapanda na kushuka. Haijajamu. Oili ya zamani ilitoka kama lami, nikaweka mpya. Petroli iliyokuwa kwenye tenki ilinuka vanishi, nikaimwaga yote. Cheche ipo, ya bluu.

Jana kiki ya saba ikawaka! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Shida ni kwamba nikirudisha choki tu, inazima. Nikivuta resi inakohoa. Plagi inatoka nyeupe. Fundi wa kijiweni ananiambia nitupe injini, ninunue ya Kichina. Moyo unakataa.

Boda Mstaafu
Ipime kilo uuze chuma chakavu. Natania mkuu. Hiyo ndiyo mama yao hizi tunazobebea abiria. Ilitoka 1976, na Wachina wameinakili injini yake mpaka basi. Spea hazitakusumbua.

Mzee wa Spana
Marahaba mwanangu. Injini nzima kwa ajili ya jeti, kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta? Huyo fundi anatafuta ada ya watoto.

Choki inapunguza hewa. Kama inaishi kwa choki tu, maana yake petroli ni kidogo kuliko hewa, na plagi nyeupe inasema hivyo hivyo. Petroli ya zamani ilikauka ndani ya kabureta ikaacha gundi. Jeti kubwa inapitisha kidogo, jeti ndogo ya sailensi, yaani ya injini kunguruma bila resi, imeziba. Tundu lake halifiki nusu milimita. Usilichokonoe kwa sindano, utalipanua halafu ulaumu Honda. Chomoa uzi mmoja wa kebo ya breki, ndio upitishe taratibu, kisha pulizia upepo wa kompresa. Skrubu ya hewa, kabla hujaitoa, ikaze mpaka mwisho huku unahesabu mizunguko, ili uirudishe palepale. Angalia na mpira kati ya kabureta na injini, ukipasuka unavuta hewa ya wizi.

Jambo jingine. Ikikaa miaka hivyo, sahani za klachi hugandana. Ipashe moto, izime, tia gia ya pili, bana klachi, uisukume mbele na nyuma mpaka ziachiane. Usitie gia injini ikiwa inaunguruma.

Kijana wa Makambako
Mzee, Mungu akuweke. Jeti ndogo nimeielekeza juani, sikuona hata nukta ya mwanga. Nimetumia uzi wa kebo, upepo nimeomba kwa wa pancha. Imewaka kiki ya pili, choki nimerudisha, ikabaki inanguruma yenyewe kama zamani baba akirudi shamba.

Kuhusu klachi, ujumbe wako nilikuwa nimeusoma mpaka kwenye mpira nikakimbilia spana. Nimetia gia, imeruka, imeingia bandani. Taa ya mbele imepona, mlango haujapona. Mama anauliza kuku watalala wapi leo.