Vali ya upumuaji wa injini ya BMW M54: ya kawaida, ya nchi za baridi au tangi la oili, ipi inatufaa watu wa Mtwara?

Mjukuu wa Mikindani

Ndugu wanachama, salamu kutoka Mtwara. Ninamiliki BMW X3 ya mwaka 2005 yenye injini ya M54 ya lita 3.0, na vali yake ya upumuaji, ile iliyojificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, imefikia mwisho wa maisha yake. Injini inapiga mluzi ikiwa sailensi (yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), mfuniko wa kujazia oili hauinuki kwa urahisi kwa sababu unavutwa kwa ndani, na kila nikisimama kwa muda huku injini ikiunguruma, gari huondoka likiacha moshi wa bluu nyuma yake. Fundi amethibitisha kwamba kiwambo cha ndani ya vali, yaani utando wake laini wa mpira, kimechanika.

Kwa kuwa manifoldi ni lazima ifunguliwe, nisingependa kurudisha tu kile kilichokuwapo, bali kuweka vifaa vipya zaidi vya kiwandani. Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni vali ya kawaida pamoja na mabomba yake yote. Ya pili ni toleo la nchi za baridi, ambalo vali na mabomba yake yamevikwa sponji nene, na ambalo baadhi ya wauzaji wa Dar es Salaam wanalinadi kuwa ndilo lililoboreshwa, kwa bei iliyo juu ya ile ya kawaida. Ya tatu ni kuiondoa vali kabisa na kufunga tangi dogo la kukusanyia oili, kama wafanyavyo wenye magari ya mashindano. Naomba hoja za kiufundi, zikizingatia joto na unyevu wa pwani yetu.

Fundi wa Magomeni

Mjomba, kabla ya kuchagua kifaa ni vyema tukubaliane kwanza juu ya kazi yake. Hakuna ringi ya pistoni inayoziba silinda kikamilifu. Kila mafuta yanapolipuka, gesi kidogo hupenya na kushuka chini ya pistoni, ikiwa imechanganyika na ukungu wa oili, mvuke wa maji na petroli ambayo haikuungua, na isipotolewa hujenga msukumo ambao mwisho wake hutafuta pa kutokea kwenye oili sili na gasketi, yaani vizibo vya kuzuia oili isivuje. M54 huitoa gesi hiyo kupitia tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), ikashuka kwa bomba la juu hadi kwenye vali, na humo ndani ikazungushwa kwa kasi mpaka matone ya oili yakarushwa ukutani na kutengana nayo. Gesi iliyobaki huvutwa na manifoldi na kugawanywa kwa silinda zote sita ili iungue, ilhali oili hushuka kwa bomba la chini hadi kwenye mrija wa kijiti cha kupimia oili na kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kiwambo na springi yake ndivyo vinavyopima mvuto usizidi kiasi, na kikichanika, manifoldi huivuta injini kwa nguvu zake zote, jambo ambalo linaeleza mfuniko wako kung'ang'ania.

Tazama sasa mahali ambapo mfumo huu hushindwa mara nyingi bila watu kupatazama. Ule mrija wa kijiti, katika toleo la awali, ni mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na oili inayorudi hupita katika mwanya mwembamba uliobaki kati yake. Mwanya huo ukijaa tope jeusi, oili haina pa kushukia. Itakaa ndani ya vali, itapanda, na itanyonywa kwenye silinda hata kama vali yenyewe umeinunua jana. BMW ilikuja kutoa mrija uliorekebishwa, wenye njia pana zaidi ya kurudishia oili, na kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa kipya cha kiwandani kinachostahili kuitwa uboreshaji. Nimeona magari yaliyobadilishwa vali mara mbili yakiendelea kutoa moshi, na mrija wa zamani ukiwa umeachwa palepale.

Kwa hiyo jibu langu ni vali ya kawaida, mabomba yote mapya bila kubakiza hata moja, na mrija wa toleo jipya.

Dada wa Newala

Shikamoo Fundi. Kuhusu mrija sina ubishi, ila toleo la baridi nadhani umelipita haraka. Sisi tulio juu ya Uwanda wa Makonde hatuishi katika hali ya hewa ya Mtwara mjini. Asubuhi za Juni na Julai huwa na ukungu mzito, na gari langu, ambalo ni la aina hiyo hiyo ya injini, kwa siku nyingi huenda shuleni na sokoni tu, safari ambazo hazitoshi kuipasha oili moto. Nikifungua mfuniko nakuta utelezi wa rangi ya maziwa umeganda chini yake. Huo ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili, na kama unaganda kwenye mfuniko, bila shaka unaganda pia kwenye mabomba na kwenye huo mwanya mwembamba ulioutaja. Sponji inayohifadhi joto la bomba inapunguza kuganda huko. Je, si hoja ya kutosha kwa mtu wa Newala, hata kama si ya mtu wa Mikindani?

Fundi wa Magomeni

Marahaba, Dada. Hoja yako ina uzito, nami nitaijibu kwa sehemu.

Toleo la baridi lilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambako maji hayo hugeuka barafu ndani ya bomba, njia ikaziba kabisa, na katika hali mbaya zaidi oili ikavutwa kwa wingi kwenye silinda hadi injini ikavunjika. Newala haina barafu. Kinachobaki ni unyevu, na dawa yake kubwa ni kuiacha injini ifikie joto lake la kazi na kukaa humo, kwa maana thamostati ya M54, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, hufunguka kwenye nyuzi takriban 97, na oili ikishapata moto kwa muda wa kutosha maji hutoka yenyewe kama mvuke na kuvutwa na mfumo huu huu. Ukishuka na gari mpaka Masasi mara moja kwa wiki, utelezi huo utauona umepungua sana.

Sehemu ya pili ni kwamba kwetu kinachoua mabomba haya ni joto. Plastiki iliyokaa miaka mingi pembeni ya injini hukauka, na ukiigusa tu wakati wa kufungua kitu kingine hukatika mkononi. Ufa mdogo kwenye bomba lisilo na sponji unaonekana kwa tochi. Ufa uleule chini ya sponji iliyolowa oili hauonekani, na mtu atahangaika na mashine ya kupimia akisoma kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli bila kujua hewa inaingilia wapi. Nafasi nayo ni finyu chini ya manifoldi, na unene wa sponji unaongeza tabu ya kufunga vishikizo. Kwa gari lako mahususi, Dada, sitakukataza. Kwa Mjukuu, ningezitumia fedha hizo kwenye mrija.

Kijana wa Ligula

Wakubwa zangu, naheshimu maelezo yote, lakini kwa nini tuendelee kununua plastiki ambayo tunajua itakauka tena? Tangi la alumini halichaniki kiwambo kwa sababu halina kiwambo. Unaziba njia ya manifoldi, unaleta bomba moja kutoka tapeti kava hadi kwenye tangi lenye chujio juu yake, na unamwaga kinachokusanyika kila unapobadilisha oili. Manifoldi inabaki safi, na ukaguzi unafanyika kwa kufungua boneti tu.

Mhandisi wa Shangani

Ndugu Kijana, naomba nikupinge kwa utaratibu, kwa sababu njia hii inapendeza sana kwa macho.

Tangi linaweza kufungwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni hiyo uliyoieleza, ambayo tangi hupumulia hewani. Hapo injini inapoteza kabisa mvuto ambao iliundwa kufanya kazi nao. Oili sili ya nyuma ya krenkishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), gasketi ya tapeti kava na ile ya nyumba ya chujio la oili, ambazo kwenye M54 zina sifa ya kuvuja hata mfumo ukiwa mzima, sasa zinasukumwa kutoka ndani badala ya kuvutwa kidogo kwa ndani. Aidha, gesi zenye petroli na oili zinatoka chini ya boneti, karibu na mahali kiyoyozi kinapovutia hewa ya abiria, na mtu yeyote aliyekaa kwenye foleni na gari la namna hiyo anaijua harufu yake. Namna ya pili ni kuliunganisha tangi na manifoldi ili mvuto urudi, lakini pasipo kifaa cha kuudhibiti, mvuto wote wa manifoldi unaifikia sampu, na unakuwa umetengeneza kwa gharama hali ileile ambayo Mjukuu anaikimbia. Ukitaka kuweka kidhibiti, utakuwa umerudi kwenye vali.

Kuna jambo la tatu, la hapa kwetu hasa. Katika msimu wetu wa mvua, tangi lisilopata joto kwa kuwa liko mbali na injini hukusanya maji mengi kuliko oili, na mwenye gari akisahau kulimwaga linafurika.

Mjukuu, kabla na baada ya kazi hii pima mvuto wenyewe, usitegemee mluzi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje kama herufi U, ujaze maji nusu, kisha unganisha ncha moja na mfuniko wa zamani wa oili uliotobolewa na kuzibwa vizuri pembeni. Injini ikiwa imepata moto na iko sailensi, tofauti ya maji kati ya pande mbili kwenye injini za familia hii huwa kama sentimita 10 hadi 15. Ikikaribia sifuri, kuna bomba lililopasuka au lililoziba. Ikizidi sana, kiwambo kimekwisha. Kwa sababu hiyo mpira uwe mrefu, usije ukanyonya maji kabla hujasoma chochote. Na ukipata kipimo sahihi huku gari likiendelea kula oili, basi tatizo liko kwenye ringi za oili, ambazo kwenye injini hii ya lita 3.0 hukwama katika mifereji yake, na hakuna vali wala mrija utakaozikwamua.

Mzee wa Mitwero

Niongeze la ununuzi tu, nikiwa Lindi. Vifaa hivi havipatikani Lindi wala Mtwara. Vinatoka Kariakoo na kuletwa kwa basi, na barabara ikikatika Somanga, kama ilivyotokea Mei 2024, gari hubaki juu ya mawe bila manifoldi. Agiza kila kitu kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Katika orodha yako weka gasketi za manifoldi, oringi (pete ya mpira) ya chini ya mrija wa kijiti na gasketi ya nyumba ya chujio la oili, kwa kuwa vyote vitakuwa wazi mbele yako. Kagua pia kile kibao kinachofunguka na kufunga ndani ya manifoldi. Kikiwa kimelegea, kipande chake kinaweza kuvunjika na kumezwa na injini.

Vifaa vya kuiga ni vingi. Vali ya kuiga mara nyingi inafanana kabisa kwa nje, lakini kiwambo chake ni kigumu na mabomba yake hayabani vizuri kwenye vishikizo. Heri ununue vali halisi na usubiri mwezi mmoja kupata mrija kuliko kununua seti nzima ya bei nafuu.

Mjukuu wa Mikindani

Nimewaelewa wote, na tangi nimelitoa kwenye hesabu. Nachukua vali ya kawaida na mabomba yote. Muuzaji aliyenijibu ana vali halisi, ila mrija wa toleo jipya ameniambia nisubiri, na gari ninalihitaji kabla msimu wa korosho haujaanza. Fundi, je, mrija wa zamani unaweza kusafishwa ukatumika kwa muda?

Fundi wa Magomeni

Unaweza, mjomba, mradi utolewe kabisa kwenye gari. Usikubali usafishwe ukiwa umefungwa, kwa sababu tope lote litasukumwa kwenye sampu. Uloweke kwa petroli usiku kucha, upitishe waya laini kwenye mwanya, kisha upulize kwa kompresa kutoka pande zote mbili. Baada ya hapo ushike wima na umimine oili safi kwenye kitundu ambacho bomba la vali huingia: oili ishuke mfululizo na kutoka chini bila kukusanyika juu. Ikisita hata kidogo, usiufunge, subiri mpya. Na unapoutoa, hakikisha oringi ya zamani imetoka nao, maana mara nyingi hubaki ndani ya shimo, na ukiweka mpya juu yake mrija hautakaa hadi mwisho, utavuja oili na kuingiza hewa, na kile kipimo cha maji alichokueleza Mhandisi kitakusumbua bure.