Makaburi ya masultani Mizingani: kuba la Seyyid Said limaliziwe au liachwe?

Mtoto wa Malindi: Wadau, pale Makumbusho ya Kasri, Mji Mkongwe Unguja, kuna makaburi ya ukoo wa masultani wa Zanzibar. Kaburi la Sultani Seyyid Said, aliefia baharini 1856, wanawe walianza kulijengea kuba halafu kazi ikaachwa njiani. Mie naona limaliziwe, tusisubiri yatufike kama ya Beit al-Ajaib, lile jumba la jirani lililoanguka 2020. Mnasemaje?

Abuu Shangani: Halikuachwa kwa kukosa pesa. Wale Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya hao masultani, kwao kaburi halijengewi. Wakubwa wa dini walikataa, basi leo uje umalizie kitu ambacho wenyewe walikizuia? Ng'oeni magugu, zibeni nyufa, muacheni mzee wa watu apumzike.

Kijana wa Ng'ambo: Pesa ya umma kwa makaburi ya waliouza babu zetu? Yaanguke tu. Soko la watumwa lenyewe halikufungwa mpaka 1873, Muingereza alipomkaba Sultani Barghash, mtoto wa Said.

Bi Mkubwa wa Vuga: Yaanguke tu?? Mwanangu hapo umenichoma. Mie wa upande wa bibi ni Wanyasa, waliletwa kuchuma karafuu, hunifundishi utumwa wewe. Na huo Mji Mkongwe mawe wamebeba wao, chokaa wamechoma wao, sasa ukifurahia ukuta kuanguka unafurahia kazi ya nani kuanguka?

Kijana wa Ng'ambo: Shikamoo bi mkubwa, sikukusudia kukuvunjia heshima. Ila hao waliobeba mawe wamezikwa wapi? Kibao chao kiko wapi? Hapo hamna anaejibu.

Niko Hamburg: Mbona hamumtaji Salme, mtoto wa huyo huyo Said? Kazikwa huku Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, 1924, kwa ukoo wa mumewe Mjerumani. Aliporudi Unguja 1885 Barghash, kaka ake wa baba mmoja, hata kuonana nae hakutaka. Urithi wa ukoo gani huo unaomuacha binti nje?

Abuu Shangani: Alibatizwa Aden 1867 kwa hiari yake, leo mnataka alazwe na Waislamu?

Niko Hamburg: Nani kasema alazwe? Soma kwanza ndo ujibu! Chumba chake kimo humo humo makumbusho, watalii wanaingia wanapiga picha, wakitoka nje kwenye makaburi hamna hata mstari mmoja wa kuwaambia binti wa huyu mzee yuko wapi.

Mtoto wa Malindi: Jamani mie niliuliza kuba.

Bi Mkubwa wa Vuga: Kuba limeshajibiwa, liachwe. We wa Hamburg, mama ake Salme nae alikuwa suria, Jilfidan, Mcherkasi wa huko Kaukazi, kaingia kasri akiwa mtoto wa kununuliwa. Mkiandika hicho kibao muanze na yeye, na hao wabeba mawe wa huyu kijana wawemo.

Abuu Shangani: Muandike, lakini nje ya ukuta. Ndani ya makaburi hakuingii kibao cha mtalii, nshasema.

Kijana wa Ng'ambo: Nje ya ukuta tena? Si ndo huko huko walikowekwa siku zote!