Peptidi ya chanjo ya miguu na midomo inatoa kingamwili hafifu: nirekebishe nini?

Mwanafunzi wa utafiti, Kampala
Ndugu zangu, ninabuni chanjo ya peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, ule ambao kila ukizuka minada ya ng'ombe hufungwa na mfugaji akakosa karo ya watoto. Nimetumia kipande cha VP1, protini ya ganda la virusi, kutoka virusi vya aina ya O, asidi amino ya 141 hadi ya 160, nikakichanganya na alumu, chumvi ya alumini inayoongeza nguvu ya chanjo. Sungura wametoa kingamwili chache, nyingi zikiwa IgM, zile za mwanzo, na sindano ya pili haikubadili chochote. Je, niongeze dozi?

Daktari wa mifugo, Mbarara
Dozi haina kosa. Seli B, ile inayotengeneza kingamwili, inakitambua kipande chako, lakini isipopata msaada wa seli T, seli nyingine ya kinga, haiwezi kuhama vizuri kutoka IgM kwenda IgG, kingamwili za baadaye zinazodumu, wala kuweka kumbukumbu, na seli T haziamki mpaka peptidi iwe na sehemu inayoshikwa na molekuli za MHC za mnyama huyo, zile zinazoionyesha seli T vipande vya protini. Mwaka 1982 peptidi ya eneo hilohilo, ikiwa imeunganishwa na protini mbebaji, yaani protini kubwa inayoamsha seli T, iliwakinga simbilisi. Weka sisteini moja, asidi amino yenye salfa ya kushikia, mwishoni mwa mnyororo, uiunganishe na mbebaji kama hemosianini, protini ya damu ya konokono wa baharini.

Fundi wa maabara, Entebbe
Daktari amesema kweli, ila mbebaji naye huvuta kingamwili upande wake, kwa hiyo usipake hemosianini kwenye sahani ya ELISA, kipimo cha kingamwili, la sivyo utashangilia namba zisizohusu virusi. Mimi ningeunganisha kipande cha seli T na cha seli B katika mnyororo mmoja. Tahadhari: kinachoamsha seli T za sungura huenda kisiziamshe za ng'ombe wa Ankole, kwa kuwa MHC zao ni tofauti.

Mwanafunzi wa utafiti, Kampala
Ahsanteni. Je, kingamwili zikipanda, zitazuia virusi?

Daktari wa mifugo, Mbarara
Si lazima. Juu ya virusi kipande hicho ni kitanzi, ilhali peptidi yako majini hulegea kama uzi, na kingamwili zilizofunzwa kwa uzi zinaweza kung'aa kwenye ELISA bila kuzuia virusi hai. Kipimo cha kuzuia virusi, katika maabara yenye kibali, ndicho kitakachoamua. Ukitaka kuifunga peptidi iwe pete kwa sisteini mbili, basi usiitumie tena sisteini kuiunganisha na mbebaji. Badala yake ongeza lisini, asidi amino nyingine, nje ya pete, uiunganishe na mbebaji kupitia hiyo.