Mchoro wa Photoshop unavurugika kwenye simu: niugeuzeje kuwa ukurasa unaofanya kazi?

Fundi_Mabango, Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu. Kwa miaka tisa nimekuwa nikichora vitu vya kuchapishwa: mabango ya maduka, kalenda, mialiko ya ndoa na lebo za chupa. Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza vikwembe katika komuni ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, aliniomba nimtengenezee tovuti ndogo, kwa kuwa wateja wake wa Likasi na Kolwezi humwandikia kila siku wakitaka kuona rangi zilizofika kabla hawajapanda gari. Nilichora ukurasa wa kwanza kwa Photoshop, programu ya picha, upana wa pikseli 1440, naye akaupenda hata akanilipa nusu ya fedha siku ileile.

Baada ya hapo nilikata mchoro vipande kwa zana iliyomo ndani ya programu, nikaiacha itoe yenyewe faili ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) pamoja na picha zake, kisha nikavipandisha vyote kwenye seva. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikaa mahali pake. Kwenye simu ya mama yule, ukurasa uleule ulikuwa kama bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, na bei hazisomeki mpaka apanue kwa vidole viwili. Maandishi nayo yamekuwa picha, kwa hiyo hawezi kubadilisha bei bila kunirudia, na mteja hawezi kunakili namba ya simu. Ukurasa mzima una uzito wa megabaiti 4 na ushee, na mteja wake mmoja wa Likasi aliufunga kabla haujamaliza kufunguka.

Nimejaribu pia kuandika CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa ukurasa, kwa mkono, nikipima kila kitu kwenye mchoro na kukipa nafasi yake: kitambaa cha kwanza pikseli 120 kutoka kushoto na 640 kutoka juu, cha pili hivi, cha tatu vile. Mara tu jina la kikwembe linapokuwa refu, maandishi yanapandana. Naomba mnielekeze: mtu anayeijua kazi hii huanzia wapi anapokabidhiwa mchoro kama wangu?

Kalamu_na_Kodi

Kaka, mazoea ya uchapaji ndiyo yanayokukwamisha, na nasema hivyo kwa sababu nami nilitokea huko. Bango la mita 2 litabaki la mita 2 popote litakapotundikwa, lakini ukurasa wa tovuti hujui utafunguliwa kwenye kioo cha upana gani. Mchoro wako wa pikseli 1440 unaeleza jinsi ukurasa utakavyokaa katika upana huo mmoja tu, wala hausemi lolote kuhusu simu ya pikseli 360. Kwa hiyo weka rula kando kwanza, uusome mchoro kwa kujiuliza ni kitu gani kinafuata kipi, na ni vitu gani haviwezi kutenganishwa. Picha ya kikwembe, jina lake na bei yake ni familia moja. Namba ya simu ya duka ni ya kila mtu, popote alipo katika ukurasa.

Kisha funga Photoshop kabisa. Fungua faili tupu na uandike maneno yote ya ukurasa kwa utaratibu ambao ungetumia kumsomea mtu asiyeuona: jina la duka, menyu, maelezo mafupi, kikwembe kimoja baada ya kingine, na mwisho anwani. Vichwa viwe vichwa kwelikweli, aya ziwe aya, viungo viwe viungo. Usiweke rangi wala kipimo chochote. Ukiifungua faili hiyo kwenye simu na kwenye kompyuta, utaona kwamba maandishi yanajipanga yenyewe kufuata upana wa kioo. HTML tupu inanyumbuka tangu mwanzo, na ni sisi tunaoikaza tunapoanza kuipa pikseli.

Herufi ndogo mno zina sababu yake maalumu. Simu isipoambiwa lolote huchukulia kwamba ukurasa umetengenezwa kwa ajili ya kompyuta, hivyo huupanga katika upana wa pikseli 980 hivi, halafu huubana wote uingie kwenye kioo. Utaratibu huo ulianza na iPhone ya mwaka 2007, wakati ambapo karibu tovuti zote zilikuwa za kompyuta. Mstari huu, ukiuweka ndani ya sehemu ya head, unaiambia simu itumie upana wake halisi:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Sasa kuhusu kupandana. Ulipokipa kila kitu nafasi yake kwa pikseli, ulikitoa katika mtiririko wa ukurasa, na jirani zake hawajui tena kwamba kipo. Jina likirefuka, hakuna anayesogea kumpisha. Liache jina liwe ndani ya sanduku lake, sanduku liwe ndani ya safu, na usiweke urefu wa kwenda chini kwa sanduku lolote lenye maandishi. Kwa vikwembe vyako, ukishaandika display: grid kwenye sanduku linalovibeba vyote, mstari mmoja wa CSS unatosha kupanga safu zote:

`grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(260px, 1fr));`

Maana yake ni kwamba kila kikwembe kisipungue pikseli 260, na safu ziwe nyingi kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukiweka mwanya wa pikseli 30 kati yao, eneo la pikseli 960 litapata safu tatu, kompyuta bapa ya pikseli 768 itapata mbili, na simu ya 360 itapata moja, bila wewe kuandika hesabu tatu tofauti. Vivinjari vikubwa vilianza kuielewa njia hii mwaka 2017. Kabla ya hapo tulikuwa tunagawanya kwa mkono, kwa kanuni aliyoieleza Ethan Marcotte, mbunifu wa tovuti aliyetunga jina la usanifu huu, «responsive web design», mwaka 2010: chukua upana wa kitu, ugawe kwa upana wa kilichokibeba. Pikseli 300 ndani ya 960 zikawa asilimia 31.25. Kanuni hiyo bado inafaa kujulikana, kwa kuwa inakufundisha kuutazama mchoro kama uwiano.

Dada_Rangi

Naongezea upande wa picha, maana wachoraji wa uchapaji hukosea hapo kuliko kwingine kokote. Kwa karatasi tunafanya kazi kwa nukta 300 kwa inchi na rangi nne za wino. Kivinjari hakiangalii nukta kwa inchi, kinahesabu pikseli tu, na rangi za wino huenda zikaonekana zimebadilika kabisa. Geuza kila picha iwe ya sRGB, mfumo wa rangi za vioo, kabla ya kuihifadhi, la sivyo mteja ataagiza chungwa na kuletewa nyekundu, na lawama itamwangukia mama wa watu.

Kwa safu ya upana wa pikseli 300, picha ya pikseli 600 hadi 800 inatosha hata kwenye kioo kizuri. Usipandishe ile ya 3000 iliyotoka kwenye kamera ukategemea CSS iipunguze: itaonekana ndogo, lakini mega za mteja zitaliwa zilezile. Ihifadhi kama WebP au JPEG (aina za faili za picha) iliyobanwa, na uandike upana na urefu wake ndani ya HTML ili kivinjari kiitengee nafasi mapema na maandishi yasirukeruke picha zinapofika. Picha za chini zipewe sifa ya loading="lazy", zisipakuliwe mpaka mtu azikaribie. Nembo ya duka, ikiwa ni mistari na rangi chache, itoe kama SVG, picha ya mistari ambayo haipotezi ukali kwa ukubwa wowote.

Na tafadhali, pima rangi ya bei zako. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kinapendeza sana kwenye kompyuta ya ofisini, lakini uwiano wa mwangaza kati yake na nyeupe ni chini ya 3 kwa 1, wakati WCAG, miongozo ya kuzifanya tovuti zisomeke na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Wateja wako wanasoma wakiwa wamesimama barabarani, saa saba mchana, katika jua la Septemba. Shuka hadi #767676 au uzito zaidi.

Mwalimu_wa_Zamu

Nakubaliana na Kalamu isipokuwa kwa jambo moja. Kabla ya kuandika msimbo, chora pia ukurasa wa simu, hata kwa penseli, umwonyeshe mama yule. Amelipa kwa kupenda mchoro wa kompyuta. Akiona kwenye simu safu tatu zimekuwa moja bila kuambiwa, atadhani umemharibia kazi. Na kwa kuwa wateja wake wote wanatumia simu, nadhani huo ndio mchoro aliopaswa kuonyeshwa kwanza.

Fundi_Mabango, Lubumbashi

Asanteni sana. Nimekaa siku nne juu ya kazi hii. Niliandika maneno matupu kwanza kama Kalamu alivyosema, na nilipoyasoma kwa sauti niligundua kwamba bei ilikuja kabla ya jina la kikwembe, jambo ambalo sikuliona kwenye mchoro. Ukurasa sasa una kilobaiti 610, na mama anabadilisha bei mwenyewe. Namba ya simu nimeifanya kiungo cha tel:, mteja akiigusa anapiga.

Limebaki jambo moja. Vichwa vya Kifaransa kama «Réduction» vinaonyesha é kwa umbo tofauti na herufi nyingine, ilhali kwenye mchoro hakukuwa na tatizo hilo.

Kalamu_na_Kodi

Faili ya fonti uliyopandisha haina herufi hiyo, hivyo kivinjari kimeiazima kutoka fonti nyingine. Bila shaka uliipunguza ukabakiza herufi za Kiingereza tu. Itoe upya kama WOFF2, aina ya faili ya fonti za tovuti, ukijumuisha é, è, ê, à, ç na œ, na hakikisha leseni yake inaruhusu matumizi ya tovuti, kwa kuwa leseni ya kuchapisha mara nyingi haitoshi. Ukishamaliza, andika lang="sw" kwenye ukurasa na lang="fr" kwenye vile vichwa vya Kifaransa, ili programu inayowasomea wasioona itamke kila lugha kwa sauti yake.