Programu ya maombi ya matengenezo: akaunti moja kwa idara, au kila mtu na yake?

Msimamizi_Ilemela
Wakuu, habari za kazi. Nipo matengenezo kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tumeachana na daftari, tumeweka GLPI, programu ya kupokea na kufuatilia maombi. Tunachobishania ni akaunti. Bosi anataka moja kwa kila idara. Mimi nataka kila mtu na yake, ila vibarua huongezeka na kupungua kadiri samaki wanavyopatikana ziwani. Nyie mnafanyaje?

fundi_baridi
Mkuu, akaunti ya idara usiikubali. Chukulia ombi la kompresa limefungwa saa nane usiku, eti imeshatengenezwa, na asubuhi chumba cha baridi kimepanda juu ya nyuzi -18. Nani kalifunga? "Idara ya baridi." Zamu zote zinabaki kutazamana, na mzigo unaharibika.

Dada_Sistimu
Tenganisheni kuleta ombi na kulifunga. Anayeona bomba linavuja asizuiwe na pasiwedi. Anayesema kazi imekwisha, huyo lazima ajulikane kwa jina.

Kwenye GLPI wape wasimamizi wa zamu profaili (kundi la ruhusa) ya Self-Service, wataleta maombi na kufuatilia yao. Mafundi wape Technician. Super-Admin, wenye mamlaka yote, wawe wawili, ili mmoja akiumwa kazi isisimame. Na kabla ya yote, kaka: programu hiyo ikiwekwa huja na akaunti zake, glpi, tech, normal na post-only, zenye pasiwedi zinazojulikana dunia nzima. Badilisha au zizime leo hii.

Hosteli_Nyegezi
Sisi tuna wanafunzi, wanaondoka kila mwaka, kwa hiyo akaunti za wapangaji tuliziacha. Laini ya simu ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine, na ile namba ya kuingilia inayotumwa kwa SMS inamfikia mgeni kabisa. Sasa kila mlango una karatasi ya QR. Unaskani, unajaza tatizo, basi. Wenye akaunti ni mapokezi na mafundi. Kero yake ni maombi ya kujirudia, taa moja inaripotiwa na watu wanne, kwa hiyo mapokezi anayachuja kwanza. Kwa vibarua wako naona hii ndiyo inafaa.

Mhasibu_Kirumba
Upande wa pesa: fundi anayeomba spea asiwe ndiye anayeidhinisha. Na hizo namba za simu mnazokusanya zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Chukueni zinazohitajika tu.

Msimamizi_Ilemela
Asanteni sana. Je, fundi akiacha kazi nifute akaunti yake? Na kwenye mlango wa barafu kuna tableti moja, watu wana glavu zimelowa, hakuna atakayeandika pasiwedi pale.

fundi_baridi
Usifute, izime siku hiyohiyo anayoondoka. Jina lake libaki kwenye kazi alizofanya. Mwakani kompresa ikisumbua utataka kujua nani alibadilisha beringi na lini.

Dada_Sistimu
Tableti iwe na akaunti yake ya Self-Service, ya kuleta maombi tu. Fundi akimaliza, afunge kazi kwenye simu yake mwenyewe. Bosi atapata urahisi anaoutaka pale mlangoni, na wewe utapata majina.

Msimamizi_Ilemela
Hiyo naipeleka kwa bosi Jumatatu. Zile akaunti nne nimeshazizima.