Sakafu ya vibao imepauka, mwenye nyumba hataki mashine ya msasa

Mpangaji_Kileleshwa
Wadau, habari zenu. Sebule ni mita 4 kwa 5, flati ya zamani, vibao vidogo vya mbao vilivyopangwa kama mkeka juu ya zege. Naona kama ni muhugu, ile mbao ngumu. Mlangoni na mbele ya kochi pamepauka na kujaa mikwaruzo, kwingine bado panang'aa. Mwenye nyumba ameruhusu nipake, ila mashine hataki kuisikia: vumbi, halafu anasema vibao vimeshasuguliwa mara nyingi na vimebaki vyembamba. Je, naweza kupaka vanishi juu ya ile ya zamani moja kwa moja? Ninunue kiasi gani? Dirishani pia kuna doa jeusi la ukubwa wa sahani.

FundiMvule
Inawezekana, lakini usinunue chochote kabla ya kujua kilicho juu ya mbao sasa hivi. Weka tone la maji sehemu inayong'aa na lingine mlangoni. Likikaa juu kama shanga, vanishi bado ipo. Likinyweka na mbao kuwa nyeusi ndani ya dakika chache, hapo vanishi imekwisha.

Kisha lowesha kitambaa cheupe kwa tapentaini kidogo usugue kwenye kona. Kikitoka na uchafu wa kahawia unaonata, kuna nta, yaani polishi ya kopo. Jaribio hili ndilo linaloamua kazi yote, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Itajikusanya na kuacha vishimo vya duara ikiwa bado mbichi, au itakauka vizuri halafu ianze kubanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Kona_ya_Rangi
Naongezea kwa FundiMvule: usimwage tapentaini sakafuni. Flati nyingi za umri huo vibao vilibandikwa kwa lami, na tapentaini huyeyusha lami. Ikipenya kwenye nyufa inapanda na weusi wake, na kibao kinalegea. Loweka kitambaa, si sakafu. Kabla ya hapo gonga vibao kwa mpini wa bisibisi. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia, na kukibandika tena ni lazima ukwangue lami ya zamani pande zote mbili, la sivyo gundi ya seremala haitashika.

Mafuta ya taa pia usiyaguse, hata fundi akuambie ni rahisi. Huacha unyevu wa mafuta ndani ya mbao.

Mpangaji_Kileleshwa
Asanteni. Tone limekaa kote isipokuwa mlangoni na mbele ya kochi. Kitambaa kimetoka kahawia, hasa pale pale palipopauka.

FundiMvule
Basi una vanishi yenye nta juu yake, na palipo wazi nta imeingia ndani ya mbao. Una njia mbili.

Ya kwanza ni vanishi. Toa nta kwa tapentaini, eneo la mita moja mraba kwa wakati: sugua, futa kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka, badilisha kitambaa mpaka kitoke cheupe. Lita 2 zinatosha chumba hicho. Madirisha wazi, jiko lizimwe. Siku ya pili futa kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kitambaa kikiwa kimekamuliwa hasa, kisha maji matupu. Ikikauka kabisa, fifisha mng'ao kwa pedi ya nailoni ya rangi ya damu ya mzee, ile ya mafundi wa magari. Maduka ya rangi za magari wanayo. Lengo si kuchimba mbao, ni vanishi mpya ipate pa kushika. Ondoa vumbi lote.

Paka kipande cha sentimita 30 mlangoni, kwa sababu ndipo pagumu. Kikikaa siku mbili, chora msalaba kwa wembe, bandika utepe wa gundi juu yake, uvute kwa nguvu. Ukitoka na vanishi, nta bado imo. Acha njia hii.

Kipande kikishika, lita moja hufunika karibu mita 10 mraba. Una mita 20, kwa hiyo kopo la lita 4 ni mikono miwili, yaani kupaka mara mbili. Koroga taratibu, usitikise, mapovu hukaukia humo humo. Rola ya manyoya mafupi, mkono mwembamba, anza ukuta wa mbali urudi mlangoni bila kuacha ukingo ukauke.

Njia ya pili ni kuirudishia nta: safisha vilevile, paka polishi nyembamba isiyo na rangi, ngoja ikauke, sugua kwa kitambaa cha sufu. Itabidi urudie kila baada ya miezi michache. Kwa sakafu yako mimi ningechagua hii.

Kona_ya_Rangi
Hapo kwa nta nakubaliana naye. Mpangaji akichagua vanishi ya maji, asitumie sufi ya chuma (steel wool) kusugua. Vipande vyake hubaki kwenye nyufa, maji ya vanishi yanavishikisha kutu, na unapata vidoti vyeusi usivyoweza kutoa. Julai, kwa baridi ya Nairobi, usifuate saa zilizoandikwa kwenye kopo. Mkono wa pili usubiri kesho yake. Soksi baada ya siku moja, kochi baada ya siku tatu nne, zulia baada ya wiki mbili.

Seremala_Ngara
Kuhusu doa: weusi ni maji yaliyoingia ndani ya mbao na kukutana na chuma, mara nyingi chungu cha maua au mguu wa stendi. Vanishi juu yake italifungia tu. Dawa ni asidi oksaliki, takriban gramu 100 kwa lita ya maji ya moto, lakini hufanya kazi kwenye mbao iliyo wazi, kwa hiyo vanishi ya hapo itolewe kwanza. Ni sumu: glavu, miwani, na unga wake usivute. Paka, acha ikauke, suuza mara mbili tatu kwa kitambaa chenye maji. Usifagie chenga zake zikiwa kavu. Kipande hicho kitabaki cheupe kuliko jirani zake, kwa hiyo uwe na rangi ya mbao ya kukifananisha kabla ya kufunika. Na kwanza angalia fremu ya dirisha. Kama mvua bado inaingia, doa litarudi.